Mkono wa Mama Arlène

Kikombe kilianguka tena. Kilikuwa cha bati, hakikuvunjika. Kilibiringika tu hadi chini ya benchi na kumwaga maji yake yote miguuni mwa Marlène. Yeye wala hakushtuka. Aliuangalia mkono wake wa kulia uliobaki hewani, vidole vimenyooka, akaurudisha mapajani na kuufunika kwa ule wa kushoto.

"Tuache kikombe kwanza," Rosaria alisema. "Pale vidole vilitaka kufunga, nini ilipita mu kichwa yako, Mama Arlène?"

Swali hilo aliulizwa kila walipokutana, na Marlène alikuwa amelichoka. Daktari angalau hakuwa na maswali. Daktari aliinua picha ya mifupa dirishani, akasema mfupa mzima, mishipa mizima, mkono huu ni mzuri kuliko wangu, kisha akampeleka chumba cha nyuma ya wodi, kwa Rosaria. Na kazi ya Rosaria ungeichungulia mlangoni ungecheka: watu wazima wanafunga vifungo na kuvifungua, wanakamua matambara makavu, wanasonga bukari, yaani ugali, kwenye sufuria isiyo na unga. Alisomea Lusaka namna ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku. Alizaliwa Kitwe kwa baba wa Lubumbashi, ndiyo maana Kiswahili chake kilimwingia Marlène bila taabu. Tena alikuwa amefundishwa jambo moja ambalo wenzake pale hospitalini waliliona la kizungu mno: kwamba mara nyingine kiungo hakiumwi, linaloumwa ni wazo, na wazo unaweza kuliketisha chini ukalipima, kama linasema kweli au linakudanganya.

"Wazo haiko mushahidi," alipenda kuwaambia wagonjwa wake. "Tuiulize maswali, tuone."

Siku hiyo Marlène aliamua kujibu, na kilichomfungua mdomo ni lori.

Lori lilikuwa linakuja. Serikali ilikwisha kutangaza kwamba watu wote waliovuka ziwa wakikimbia vita vya upande wa Kongo watachukuliwa kupelekwa kambini, bara huko, mbali na ziwa hilo la Mweru, ambako mtu hasikii hata harufu ya samaki. Angebaki hapa Nchelenge, ng'ambo hii ya ziwa, yule tu mwenye mwenyeji wa kumtunza na kazi ya kufanya. Mwenyeji Marlène alikuwa naye: Florence, mjane mfanyabiashara wa chisense, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa mchangani na kujazwa magunia kwenda Mansa na Copperbelt. Kazi ndiyo alikuwa hana. Gunia la chisense linashonwa mdomo kwa kamba, na kamba lazima uizungushe kiganjani uivute kwa nguvu zako zote, la sivyo samaki watamwagika barabarani kabla lori halijafika Mwansabombwe. Marlène alishona kwa mkono wa kushoto na meno, na magunia yake yalirudi yanavuja. Florence hakumficha. Alimwambia kwa upole, tena akiwa amemshika bega, kwamba anampenda, lakini yeye mwenyewe ana wajukuu wa kulisha, na mapenzi hayashoni gunia.

Nawe utauliza, kambi ina ubaya gani? Si kuna chakula, hema na amani? Marlène hakuitaka, na sababu yake ilikuwa moja tu. Arlène, mwanawe, alikuwa bado ziwani.

Mtumbwi wao ulipinduka asubuhi kweupe, upepo umebadilika ghafla, watu wamejaa hadi kingoni. Mume wake, Guylain, alikuwa amebaki Kilwa, ile ya ng'ambo ya Kongo, kulinda nyumba na habari zake zikakatika hapo hapo. Wavuvi wa kisiwa cha Chisenga waliwaona, wakaja mbio, wakaokoa waliowakuta juu ya maji. Waliozama, ziwa liliwarudisha mmoja mmoja kwa wakati wake, huyu kwenye matete, yule mchangani karibu na soko, wakazikwa. Arlène peke yake hakurudi. Basi kila kulipopambazuka Marlène alipita ukingoni akipekua matete. Akipelekwa bara, nani atamwokota mwanawe? Atakayemwokota atajuaje ni wa nani? Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi, si kingine. Na huku ufukweni mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Hata sasa, wenyeji kwa Kibemba chao walimwita Bana Arlène, Wakongomani wenzake Mama Arlène, na hakuna aliyejua amwite nani badala yake.

"Bon. Nitakuambia," Marlène alisema, macho kwenye lile dimbwi dogo la maji miguuni. "Kila saa nikitaka kufunga mukono, wazo inaniambia: ukifunga, utafungula. Kwa maana mi njo nilifungula. Maji haikuninyanganya mutoto. Mukono wa kushoto ilishika mutumbwi, ya kulia ilishika Arlène, na mi mwenyewe nikafungula."

Rosaria hakusema pole. Naye alikuwa ameacha watoto wake wawili Kitwe kwa mama yake. Akavuta kigoda karibu akaanza kuuliza, polepole, kama alivyofundishwa. Anakumbuka kweli akifungua, au anakumbuka mkono ukiwa wazi wavuvi walipomvuta? Je, kama mtu mwingine angekuwa pale, mwenye nguvu zake, mawimbi yale, angeweza kushika? Marlène alisema hajui. Alisema anaona vidole vikifunguka, lakini vipi, kwa kutaka au kwa kuchoka, hapo giza.

"Basi tupime," Rosaria alisema.

Nia yake ilikuwa njema, hilo lazima niliseme sasa kabla hatujafika mbele. Alikuwa na uhakika kabisa. Alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba hakuna mkono wa binadamu unaoweza kumshika mtoto kwenye maji yanayovuta. Marlène akiliona hilo kwa macho yake, wazo litakosa pa kusimama, na vidole navyo vitakubali kufunga. Alimwomba Florence awashonee gunia dogo, walijaze mchanga hadi lifikie uzito wa mtoto aliyeanza kutembea juzi, na walifunge shingoni kitambaa cha nguo, kwa kuwa Arlène alishikwa kwa mkono wa gauni lake. Florence alilishona akiwa amenuna. Alinong'ona kwa Kibemba kwamba mambo haya hayachezewi. Lakini alilishona.

Wakaenda ufukweni adhuhuri, mahali ambapo mitumbwi hutiwa nanga, wanawake watatu na lile gunia. Rosaria alikuwa amevaa sare yake nyeupe ya hospitali na akaingia nayo majini hadi kiunoni. Yeye ndiye aliyetangulia. Alishika ukingo wa mtumbwi kwa kushoto, kitambaa cha gunia kwa kulia, akamwambia Florence avute, asimwonee huruma. Florence akavuta mara moja, akayumbisha, akavuta tena, na kitambaa kikateleza kwenye vidole vya Rosaria kama sabuni. Rosaria alicheka kwa faraja. Akamgeukia Marlène aliyekuwa bado mchangani.

"Umeona? Na mi sikukuwa na baridi, sikukuwa na woga. Kuja sasa. Ukiachia, achia. Njo tunataka kuona."

Kuingia majini tu kulimchukua Marlène muda. Tangu siku ile hakuwa ametia hata kifundo cha mguu ziwani. Matete aliyapekua kwa fimbo. Rosaria alimshika kiuno, akamwambia apumue, amweleze anachofikiri. Anafikiri atakufa. Sawa, twende hatua moja hivyo hivyo na hilo wazo. Wakaenda. Mkono wa kushoto ukashika mtumbwi. Wa kulia akauweka juu ya kitambaa, vidole vimenyooka kama kawaida yake, na Florence akavuta.

Mkono ukafunga.

Ulifunga wenyewe, wote, kidole gumba juu ya vingine. Florence alivuta akashangaa, akavuta kwa mikono miwili, akayumbisha gunia kulia na kushoto hadi maji yakamrukia usoni, akajitupa nyuma kwa uzito wa mwili wake wote, naye Florence si mwembamba. Kitambaa hakikutoka. Kuna kitu ambacho Rosaria, katika maswali yake yote, hakuwahi kukiuliza: Marlène alifanya kazi gani huko Kilwa. Tangu msichana alivuta nyavu na baba yake, kwa sababu nyumba ile haikuzaa mvulana. Wavu uliojaa, mtumbwi unacheza, mkono mmoja ukingoni na mmoja kwenye kamba, hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake hadi alipoolewa.

Rosaria alipiga makofi. Alipiga makofi, masikini, akaruka majini, machozi yanamtoka, kwa kuwa miezi yote ile alikuwa akiusubiri mkono huo na sasa ulikuwa umefunga mbele yake. "Unaona! Unashika! Mukono yako inashika!" Na Florence, akihema, akaanza naye kucheka, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni kwamba sasa magunia yatashonwa, Bana Arlène haendi popote.

Marlène peke yake hakucheka. Aliangalia mkono wake chini ya maji.

"Nilikuwa naweza," alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Ndipo Rosaria akauona uso wake, na makofi yakamfia mikononi.

Jioni ile na siku zilizofuata Rosaria alisema yote ambayo mtu anaweza kusema. Kwamba gunia halipigi mateke. Kwamba Florence si ziwa, na maji ya kiunoni si yale ya kina kirefu. Kwamba siku ile alikuwa amekaa majini hadi wavuvi wakafika, amemeza maji, ameganda. Yote hayo yalikuwa kweli, na Marlène aliyasikiliza kwa adabu, huku mkono wake wa kulia ukivuta kamba, ukizungusha, ukikaza, gunia baada ya gunia. Hakuna lililovuja. Hospitalini daktari alimsifu Rosaria mbele ya wenzake, naye akaondoka chumbani.

"Mama Rosaria, usijisumbue," Marlène alimwambia mwishowe. "Weye ulisema tupime ile wazo. Tulipima. Iko ya kweli."

Rosaria alirudi chumbani kwake akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe.

Marlène hakwenda tena kwenye matete. Kulipopambazuka alibaki ndani, na Florence alipomuuliza, akasema hapana, leo hapana. Akipita mvuvi akisema kuna kitu kimeonekana upande wa Mofwe, alijiinamia kwenye gunia lake na kushona upesi zaidi. Aliogopa. Alikuwa akiomba mtoto arudishwe, na sasa alikuwa akiomba asirudi, maana angemwangalia kwa uso gani?

Lori lilipofika liliegeshwa karibu na soko, na ofisa akaita waliotakiwa kwenda. Jina la Marlène halikuwamo. Florence alikwisha kumwombea, kazi anayo, mwenyeji anaye. Marlène alikuja hata hivyo, na kifurushi chake kimoja cha nguo kichwani. Florence alimfuata mbio, akamshika mkono, akamuuliza kama amerukwa na akili, akamwambia nyumba ni yake, akamwambia kwa Kibemba mambo ambayo mwenzake hakuyaelewa. Marlène alimshukuru. Alimshukuru kwa vyote, kwa chakula, kwa mkeka, akatoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa Florence.

Rosaria naye alitokea, ameacha wagonjwa. Alisimama kando ya gurudumu.

"Ukienda, nani atamungojea?" alimuuliza. Ndilo swali pekee alilobaki nalo.

Marlène alifikiri. "Weye uko hapa," alisema. "Akikuja, umuzike. Usimuambie mi niko wapi."

Ngazi haikuwepo. Wengine walivutwa juu na waliotangulia, wazee walisukumwa kwa nyuma. Marlène alinyoosha mkono wa kulia, akashika chuma cha ubavuni na kujivuta mwenyewe kwa mkupuo mmoja. Akapata nafasi ya kusimama, akiwa ameligeuzia ziwa mgongo. Lori likanguruma, likaingia barabarani, vumbi likapanda. Watu wote waliokuwamo walikuwa wakipunga, na Rosaria akatafuta mkono wa Marlène kati ya mikono hiyo. Ulikuwa bado kwenye kile chuma, umefunga.