Gari la Hotuba

"Mzee Zenon, unaliosha tena?"

Zenon hakugeuka. Alimimina maji juu ya boneti ya Landrova, akayatazama yakishuka na povu mpaka kwenye tairi. Mwezi wa Juni upepo wa Ufipa hauna huruma. Vidole vilikuwa vimemfa ganzi, na mgongo ulikuwa unamwambia habari zote za umri wake.

"Bado lina vumbi, Philipo. Ukipiga polishi juu ya vumbi, unaikwaruza rangi. Haraka haraka haina baraka."

"Vumbi gani, mzee? Labda liko machoni mwako." Dereva alicheka, akajikunyata ndani ya koti, akaenda kuota jua ukutani.

Kweli gari lilikuwa safi, na lilikuwa safi tangu jua halijapanda. Lakini Zenon alikuwa amepiga hesabu za mnyonge. Gari lisipotoka, Ndugu Ndimyake, ofisa anayesimamia uhamisho, hatoki. Ndugu Ndimyake asipotoka, nyumba hazibomolewi. Amri ilikuwa watu wote wahamie kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara, na wakaidi waezuliwe mapaa. Mama yake, Silvana, kule mbele ya Msanzi, hakuwa mkaidi. Alisema tu kwamba atahama akishavuna ulezi wake. Sasa ulezi hukatwa suke moja moja kwa kisu, na bibi kizee hana mikono ya kushindana na serikali. Bertilla, mke wa Zenon, alikwenda tangu juzi kumsaidia. Kila dakika Zenon aliyoiiba hapa uani mwa ofisi ilikuwa masuke mengine kikapuni kule.

Basi akaosha. Akasuuza, akakausha kwa flana, akakagua chini ya vitasa kama mtu aliyepoteza sindano. Kisha akafungua kopo la polishi ya kusugua, akaanza na mlango wa dereva, viduara vidogo vidogo, mpaka kijani kilichopaushwa na jua kikaanza kurudi. Nta ya kulinda rangi ingefuata baadaye. Alitamani hiyo baadaye isifike. Alikuwa amechoka, na si mikono tu. Alikuwa amechoka kuogopa.

Ndugu Ndimyake alitoka ofisini amekunja uso. Alikuwa kijana wa Mbeya, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Ndugu."

Ndimyake alipitisha kidole juu ya boneti, akakitazama. "Mzee Zenon, kwenu ni wapi?"

"Mbele kidogo ya Msanzi. Mama yangu yuko huko."

Yule kijana alikifuta kidole kwenye suruali. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Mzee wangu, malori ya mgambo yaliondoka jana jioni. Saa hizi wameshamaliza. Hili ni gari la hotuba tu, mimi nakwenda kuwahutubia waliohamishwa."

Zenon alibaki amekandamiza kitambaa mlangoni. Alitaka kucheka, akashindwa. Asubuhi nzima ameshindana na gari lisilokuwa na ugomvi na mtu.

"Malizia, twende wote," Ndimyake alisema. "Ukamchukue mama."

Angefanya nini? Vitambaa vyote vilikuwa vimeloa, kwa hiyo nta aliipaka kwa viganja vyake, nyingi kuliko ilivyohitajika, akaifuta kwa shati lake kuukuu.

Wakaondoka, Philipo akiwa kwenye usukani. Walipopanda mwinuko wa mwisho wakaona watu wamekaa kando ya barabara na mikeka yao, vyungu na kuku waliofungwa miguu. Macho yote yaligeukia gari linalometameta.

"Philipo, nishushe hapa."

"Bado mbali, mzee. Tutakufikisha mlangoni."

"Nishushe, mwanangu."

Hakutaka mama amwone akitoka ndani ya gari lile. Ndimyake alimwashiria Philipo asimame.

Zenon alikata kupitia shambani. Nusu ya ulezi ilikuwa bado imesimama. Nyumba ilikuwa kuta tupu, na jua lilikuwa limeingia mpaka jikoni. Mama alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu, mama."

"Kutoka mjini kote huko! Pole, baba. Kaa ule, umechoka."

Bertilla alimtazama mumewe, akaviona viatu visivyo na vumbi, akainamisha uso na kufunua ugali. Mama akachota maji kwa kata, akamnawisha. Maji yalijikusanya matone matone juu ya ngozi, kama juu ya boneti iliyopakwa nta, yakateleza, yakaanguka. Mama akamimina tena, akavisugua vidole vya mwanawe kwa gumba lake. Maji yakakataa kushika.

"Mikono yako ina nini, Zenon?" aliuliza, akachota tena.