Fundi wa Kugawa Vyumba

Nilikuwa nimechoka. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza kwa nini sura yangu ilikuwa vile mlango ulipogongwa. Jumapili mchana, nguo za kazi nimezitundika, mimi nimekaa kitako na nimeapa kwamba leo sitaki kusikia habari za mbao. Mlango ukagongwa. Mke wangu hata hakuinuka. Alinitazama tu, akasema, "Nenda kafungue. Hodi hiyo ni ya kwenu."

Kwetu wana hodi yao. Wanagonga kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayeomba radhi kabla ya kukosa. Na wakishaingia wote wana maneno yale yale: "Mama amesema nije kwako. Nitakaa siku mbili tatu tu, nijipange." Siku mbili tatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuishi kwenye nyumba ya kupanga. Hilo jembe nilitoe wapi, na mtu alime wapi, kwenye korido?

Mimi ni seremala. Vitanda na makabati nilijifunza, lakini hayakunilisha. Kinachonilisha ni kugawa vyumba. Mwenye nyumba ana chumba kikubwa, ananiita, nasimamisha ukuta wa mbao katikati, jioni kuna familia mbili. Mwakani ananiita tena, zinakuwa nne. Nimegawa sebule, nimegawa stoo, nimegawa hadi jiko, mama akawa anakaanga kitunguu upande huu, na upande wa pili ndio wanaokohoa. Na nikimaliza kazi nina utaratibu wangu. Nasimama upande mmoja, nagonga ubao, nauliza, "Wa upande huo, mnanisikia?" Sauti inapopenyea ndipo penye mwanya, naziba. Sijawahi kukosa wa kunijibu. Wakati mwingine wanajibu watu watatu kwa mpigo, na mtoto wao analia.

Nyumbani kwangu nako nimegawa mpaka nimejichukia. Tulipanga vyumba vitatu, mimi na mke wangu na watoto, tukajiona watu. Akaja mdogo wangu wa kiume. Nikagawa. Akaja mtoto wa mjomba, yule tunayemwita Kanali kwa sababu akikoroma ni kama anaamrisha jeshi. Nikagawa tena. Akaja shemeji, akaja mtoto wa jirani ambaye undugu wetu ni kwamba mama zetu walichota maji kisima kimoja. Wote wametumwa na mama. Wengine wakishapata kazi wanahamia pembezoni mwa mji kwenye kodi nafuu, na kabla godoro halijapoa mama ameshatuma mwingine.

Chumba kimoja tu sikukigusa. Chumba chenye dirisha. Hicho ni cha mama, na kila mtu pale nyumbani anajua. Watu wamelala korido, watu wamelala chini ya meza yangu ya kazi, lakini chumba cha mama kimebaki na kitanda kimetandikwa. Mama amezeeka, goti linamsumbua, na nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani: aje akae kwangu kabla hajaanguka kisimani na kukosa wa kumwinua. Kila mwaka nilimwita. Kila mwaka alikubali, na badala yake akanitumia mtu mwingine.

Siwalaumu sana waliokuja. Baba alipofariki, shamba liligawanywa kwa watoto, watoto wakawagawia watoto wao, mpaka mtu akilala akanyoosha miguu yuko kwa jirani. Kugawa tulianzia huko kabla hatujaja kugawa huku. Kisha mashine ya kusaga ikahamishiwa barabara kuu. Kisha mwalimu akahamishwa, maana darasa halijai. Mwalimu akiondoka, wenye watoto nao wanaondoka, na aliyeondoka anamvuta aliyebaki. Wa kwanza kuondoka kwetu nilikuwa mimi. Kwa hiyo nikinung'unika, mke wangu ananiambia nijinung'unikie mwenyewe.

Na mji wenyewe hautulii ukajulikana ulivyo. Wiki ile ile mwenye nyumba mmoja wa katikati ya mji aliniita nikabomoe kuta zote nilizomjengea. Kodi imewashinda wapangaji, wameondoka, nyumba sasa itawekwa maboksi. Nikabomoa mahali nilipovunjika mgongo kujenga. Siku mbili baadaye niko pembezoni, kwenye viwanda vipya, napigilia mbao zile zile kwa ajili ya watu wale wale. Kuna ubao mmoja una matundu ya misumari yangu ya mitaa mitatu. Ukiniuliza mji unakua wapi, nitakuonyesha ubao huo.

Basi nikafungua mlango. Alikuwa mdogo wangu wa mwisho, kitinda mimba wetu, na begi lake kichwani.

Nilisimama pale sikumkaribisha hata ndani, na hilo ni kosa langu. Huyu hakuwa wa kuja. Huyu ndiye aliyekuwa mikono na miguu ya mama. Sisi wengine wote tulipoondoka tulisema, "Si yupo mdogo wetu?" na tukalala usingizi.

"Mama yuko na nani?" nikamuuliza.

"Yuko peke yake, kaka. Nilikataa kuondoka. Alinifungia mlango nje, na begi akalirusha dirishani." Akalitua begi chini. "Amesema niwe kwako siku mbili tatu, nijipange."

Kwa nyuma nikasikia mke wangu akicheka kile kicheko chake kisicho na furaha. Akaja, akampokea wifi yake begi, akampeleka ndani moja kwa moja mpaka chumba chenye dirisha. Nikasema hicho ni cha mama. Akasema, "Mama yako amejaa kwenye chumba hiki kuliko kama angekuwepo. Mwache mtoto wa watu akae." Mtoto wa watu mwenyewe ana miaka thelathini na mbili.

Nikampigia mama simu.

"Umemtuma huyu naye?"

"Amefika salama? Afadhali. Mpe chai."

"Mama, wewe umebaki na nani?"

"Nimebaki na nyumba."

"Chumba chako kipo. Nimekitunza, watu wanakanyagana hapa. Chenye dirisha."

"Mlaze mdogo wako," akasema. "Amekaa na mimi mpaka wenzake wote wamezaa. Halafu dirisha lenyewe, nasikia mtu akilifungua anagusa ukuta wa jirani. Nije kuchungulia ukuta?"

Dirisha ndivyo lilivyo, ila mimi sikuwahi kumwambia. Watu wote hao nimewalisha, hakuna hata mmoja aliyeweza kufunga mdomo.

Kesho yake nikafunga safari. Nilibeba mfuko wa vifaa kwa mazoea tu, maana bila msumeno begani nahisi nimesahau nguo. Mke wangu alinisindikiza hadi mlangoni. "Ukirudi naye, vizuri," akasema. "Ukirudi bila yeye, tafadhali usirudi na mtu mwingine." Nikamwambia mara hii hakuna mzaha, nitamleta hata kwa kumbeba. Akasema sawa, twende tuone.

Nyumba yetu ya kijijini ni kubwa. Baba alijenga kwa hesabu ya watoto, kila akizaliwa mmoja anaongeza chumba. Nilipofika nikakuta milango yote imefungwa na kuegemezwa mawe. Mama alikuwa amekokota kitanda chake mpaka sebuleni, akakiweka kona, na ndoo ya maji na jiko la mkaa pembeni yake. Vyote alivyo navyo vilikuwa kwenye kona ile. Sebule iliyobaki ilikuwa tupu hadi ukutani.

Alinikumbatia, akaushika mfuko wangu, akaupima uzito kwa mkono.

"Afadhali umekuja na vifaa. Nasikia huko mjini unagawa vyumba."

"Nimekuja kukuchukua, mama. Vifaa ni vya njiani."

"Nigawie hii sebule. Ni kubwa mno. Usiku upepo ukipiga milango ya vyumba vyenu nafikiri mmeamka. Naita majina kabla sijakumbuka. Nikatie kipande kinachonitosha, nisiwe nasikia sana."

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikapaza sauti mbele ya mama yangu, jambo ambalo sikulelewa nalo. Nikamwambia amenijazia nyumba mpaka napita kiubavu kwenda chooni, halafu anataka nimgawie sebule kwa sababu ni tupu. Nikamwambia watu wazima wakiwa na akili, aliye na nafasi na asiye na nafasi wanakaa pamoja. Nikamwambia ataanguka huko kisimani na tutaambiwa na wapita njia. Aliniacha nimalize yote, huku anakuna goti lake.

"Nije, wote tuwe huko?" akasema. "Mwenye nyumba wenu akiwaambia mhame, mnahama. Nasikia wa katikati ya mji wameshahama, kesho ni nyie. Siku mji ukiwatapika wote, mtakuja kumgongea hodi nani? Lazima mmoja abaki pale alipoachwa. Nyie mna nguvu ya kuhama hama, mimi nina goti."

"Sasa ndiyo ukamfukuza na mdogo wangu?"

"Angekaa mpaka lini? Mpaka nife ndiyo aanze kuishi?" Akageukia mlango wa chumba kilichokuwa chetu, sisi wavulana. "Mbao zipo humo. Vitanda vyenu. Vinaliwa na mchwa bure."

Nikaingia. Vitanda vilikuwa vimesimamishwa ukutani, vyote, changu na cha mdogo wangu na kile alicholala Kanali alipokuwa akikaa kwetu. Kwenye ubao wa kichwani wa kitanda changu bado kulikuwa na alama za kisu nilizokata nikiwa mtoto. Penye miti hapana wajenzi, husema watu. Hapa mbao zilikuwa tele na wajenzi wote wako mjini, tena wanalala kwangu.

Nilifanya kazi mchana huo mzima. Nilibomoa vitanda, nikaranda mbao, nikasimamisha nguzo, nikapima wima wake kwa timazi. Nimejenga kuta nyingi kwa hasira maishani mwangu, lakini ule niliujenga machozi yakinitoka, na nikasingizia vumbi. Mama alikuwa akinipa misumari mmoja mmoja kutoka kwenye kopo, akaniambia nimekonda, akaniuliza kama mke wangu bado ana ulimi ule ule. Nikamwambia umeongezeka. Akafurahi kweli kweli.

Jua lilipoanza kuinama ukuta ukawa umesimama. Kona ya mama ikawa chumba: kitanda, ndoo, jiko, na nafasi ya mtu mmoja kugeuka. Nilikuwa ndani humo naye, nafuta mikono, nikasogea kwenye ubao wenye alama za kisu changu. Mkono uliinuka wenyewe, kwa mazoea ya kazi. Nikagonga.

"Wa upande huo, mnanisikia?"

Nikangoja. Mama alikuwa ameketi kitandani nyuma yangu, kopo la misumari mapajani.

"Unamuuliza nani, baba?" akasema. "Wa upande huo wote wako kwako."