Kimbia Mpaka Basi

Pyeee! Pyeee-pyeee!

Kayanga nzima ilimjua Novath kwa sikio kabla ya kumjua kwa jicho. Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia migomba, filimbi ndiyo ilitangulia. Nyuma yake vikaja vishindo vya miguu, halafu sauti ikiwaimbisha wakimbiaji nyimbo alizotunga mwenyewe. Mwisho kabisa akatokea yeye, kifua mbele, kidevu juu, kana kwamba barabara ilichongwa kwa ajili yake. Majivuno alikuwa nayo, nani abishe? Lakini yalikuwa majivuno ya jogoo anayeamka mapema kweli.

Kwa hiyo siku Dada Costansia alipomwambia aivue filimbi shingoni, aliona kama amevuliwa suruali mbele za watu.

Costansia alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuja kuwafunza makocha wa pale namna ya kufanya kazi na watu ambao akili zao zina njia zake: wenye usonji, wasioweza kutulia, wanaoumizwa na kelele ambazo wewe na mimi hatuzisikii hata. "Hawajapinda hawa, kwa hiyo msije mkataka kuwanyoosha," aliwaambia siku ya kwanza. "Kazi yenu ni kusema neno linaloeleweka, kisha kulisimamia." Kila kocha akapewa mtu mmoja wa kujifunza naye. Novath akapewa Ankunda.

Ankunda alikuwa rika lake, mrefu, miguu yote magoti, mtoto wa wafugaji wa Kyerwa. Alikuja na mama yake, Kobusingye, kwa basi la kwanza kutoka Nkwenda. Maneno yake yalikuwa machache na yalitoka moja moja, kama ng'ombe wanaopita kwenye mlango mwembamba wa zizi. Akifurahi aliguna kwa kina, mmm, mmm, mguno wa mnyama aliyeshiba. Filimbi ilipolia siku ile ya kwanza aliziba masikio, akaenda kusimama kwenye goli la mbali, uso kwenye nguzo, na hakuna aliyeweza kumtoa.

Kobusingye alimfuata Novath.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huyu mwanangu alitoka shule kwa sababu ya kicheko. Fimbo aliziweza, kicheko hakukiweza. Tangu hapo amekaa na ng'ombe, maana ng'ombe hawamcheki mtu. Sasa amependa kukimbia. Jana nilipomwambia tunakuja kwako, alilala na raba miguuni. Lakini siku nitakayomwona anarudi nyumbani analia, namrudisha machungani, na hapa hamtatuona tena."

"Hatalia, mama," Novath alijibu upesi, kama ajibuvyo mtu ambaye bado hajaangushwa.

Filimbi ikaingia mfukoni. Ankunda akatoka golini.

Jumamosi iliyofuata wakaanza kuzunguka uwanja pamoja, na Ankunda alikimbia vizuri mno, mabega yametulia, mguno ukifuata hatua. Novath damu ikamchemka kwa furaha. Akapaza sauti: "Safi! Sasa kaza buti!"

Ankunda alisimama papo hapo. Akachuchumaa, akafungua kamba za raba, akazivuta kwa nguvu zote, akafunga upya. Akainuka. "Imekazwa," akasema.

Makocha wenzake waliangua kicheko. Theoneste, aliyefundisha mpira na kuendesha bodaboda, alishika mbavu. "Kocha, hebu mwambie apige kona, tuone atachukua fimbo wapi!"

"Wewe nyamaza, Theo! Timu yako unaiambia kila wiki ifunge magoli, na mpaka leo hawajaelewa!"

Kicheko kikageukia upande wa pili. Lakini Costansia hakucheka. Alimsogelea Novath, akasema kwa sauti ya chini, "Hapa uwanjani ni yeye peke yake aliyefanya ulichosema. Ukitaka aongeze mwendo, sema aongeze mwendo."

Ilimchoma. Alitamani kujibu, na majibu hayakuwahi kumpungukia, ila alipogeuka alimwona Ankunda bado amesimama, anaangalia raba zake, anasubiri.

"Zimekazwa vizuri sana," Novath alimwambia. "Twende."

Mmm, mmm.

Usidhani basi alishajifunza. Ulimi uliozoea kukimbia haufungwi kamba kwa siku moja. Jumamosi ya tatu Kobusingye alikwenda sokoni kuuza samli, akamwacha mwanawe na kocha. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, Ankunda alikuwa na hamu, na Novath alijisikia bingwa. "Leo sikupangii," alimwambia, akipiga makofi. "Kimbia mpaka basi!"

Kisha akamgeukia Theoneste kumalizia ubishi wao kuhusu nani anajua kupasha misuli. Ubishi ulikuwa mtamu, ukanoga, na Novath akashinda. Alipogeuka kutafuta mtu wa kushuhudia ushindi wake, uwanja ulikuwa hauna Ankunda.

Alikimbilia golini. Hakuna. Nyuma ya choo. Hakuna. Mama mmoja aliyekuwa akichoma ndizi kando ya njia alinyoosha mkono wenye koleo: "Kijana mrefu, anaguna? Kapita hapa kama katoroka nyuki. Kashika njia ya stendi."

Stendi, mpiga debe alikuwa bado anashangaa. "Aliniuliza basi. Basi gani? Nkwenda. Nikamwambia limetoka sasa hivi, ndilo lile linaloishia kule. Akalifuata! Kwa miguu, kaka! Basi!"

Novath alilisikia neno hilo likirudi kwake kama jiwe alilorusha mwenyewe. Basi. *Kimbia mpaka basi.*

"Mawe! Mama yangu!" alisema, akashika kichwa.

Theoneste, aliyekuwa amemfuata, hakutania. Aliwasha pikipiki. "Panda."

Barabara ya Nkwenda ilipanda na kushuka kati ya mibuni na migomba, vumbi la basi likiwa bado linaelea. Malori yalipita yakipiga honi. Kila honi Novath alinyoosha shingo kutazama mbele, kwa kuwa aliyajua masikio ya Ankunda. Akilini alimwona Kobusingye akiwa na kibuyu kitupu cha samli, akiuliza mwanangu yuko wapi. Alisikia tena jibu lake la haraka: hatalia, mama.

Walivuka kilima kimoja, cha pili, ndipo wakamwona. Alikuwa kando kabisa ya barabara, mabega yametulia, akitupa miguu kama mtu aliyezaliwa hapo.

"Mungu wangu," Theoneste alinong'ona. "Mwone anavyokimbia."

Mkono wa Novath ulikuwa umeshaipeleka filimbi mdomoni, wenyewe, bila kuulizwa. Pumzi moja tu ingetosha. Akaona gari kubwa likija kwa mbele, na kichwani mwake akamwona Ankunda akiziba masikio na kukimbilia popote. Akaitoa filimbi, ikiwa na mate, akairudisha mfukoni.

"Mpite polepole. Nishushe mbele, halafu zima."

Alishuka, akasubiri, na Ankunda alipofika akaanza kukimbia ubavuni mwake. Hakumshika. Uso wa Ankunda ulikuwa umelowa. Jasho au machozi, hakuweza kujua, na hilo lilimtisha kuliko malori.

"Ankunda. Ni mimi, Novath."

"Basi bado," Ankunda alisema, akihema.

"Nimekosea mimi. Basi langu halikuwa gari. Lilikuwa la kutosha."

"Basi bado."

Neno lilikuwa limetolewa, na Ankunda hakuwa mtu wa kuliangusha njiani. Novath alitazama mbele akitafuta kitu, chochote, kinachoonekana kwa macho. "Unauona ule mlango wa bluu? Nyumba ile, karibu na mti mkubwa wa kahawa. Tunakimbia mpaka mlango wa bluu. Kwenye mlango wa bluu tunasimama."

Ankunda aliutazama. "Bluu," akasema.

Wakakimbia. Wakaacha barabara, wakapita kahawa iliyoanikwa uani, na Ankunda akaugusa mlango kwa kiganja, akasimama. Mlango ukafunguliwa, akatokeza bibi mmoja, akawakuta vijana wawili wanahema kizingitini.

"Karibuni, waitu, karibuni ndugu zangu. Kuna msiba?"

"Hapana, bibi," Novath alisema, akishika magoti. "Shikamoo. Tumefika tu."

Bibi aliwapa maji. Ankunda alikunywa kikombe kizima bila kupumua. Baada ya muda, taratibu, mguno ukarudi. Mmm. Novath akageuza uso kuelekea mibuni, akajipangusa macho kwa mkono wa fulana, akasema vumbi la huku ni baya.

Waliporudi, Kobusingye alikuwa amesimama katikati ya uwanja, Costansia kando yake. Pikipiki ilipoingia na watu watatu juu yake, alimpapasa mwanawe kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni, akaiona damu iliyopenya kwenye soksi.

Novath angeweza kusema kijana alitoroka. Theoneste angemtetea. "Mama," alisema, "hakutoroka. Nilimwambia akimbie mpaka basi, halafu nikageuka kubishana. Yeye alinisikia. Mimi sikujisikia."

Kobusingye aliinama, akaigusa soksi yenye damu. Hakufoka, na ingekuwa nafuu kama angefoka. Aliokota kikapu chake.

"Basi, baba," alisema. "Basi. Twende nyumbani."

Ankunda akageuka kuangalia barabara. "Liko wapi?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Theoneste aliangalia mawingu. Ndipo mabega ya Kobusingye yakaanza kutikisika, akaweka kikapu chini, akafunika mdomo kwa kitenge, na kicheko kikampenya hata hivyo, kicheko kisicho na mwiba, na machozi juu yake. "Liko wapi!" alirudia. "Mwanangu wee! Liko wapi!" Ankunda alimtazama mama yake kwa makini, akaridhika na alichokiona. Mmm, mmm.

Kisha akamgeukia Novath, ingawa macho yake yalitua begani. "Jumamosi?"

Novath alifungua mdomo. *Tutaona* lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi, neno analompa kila mtu, neno lisilo na mlango wa bluu.

"Angalia unachomjibu, baba," Kobusingye alisema, akijifuta. "Neno ukimpa huyu, analishika kama kupe sikioni mwa ng'ombe."

Basi Novath alikwenda kusimama kando ya Ankunda, bega kwa bega, wote wakitazama upande mmoja kama Costansia alivyomfundisha, akanyoosha kidole.

"Liangalie goli lile, lenye nguzo iliyopinda. Jumamosi, saa mbili asubuhi, nitakuwa nimesimama chini ya nguzo hiyo. Filimbi nitaiacha nyumbani. Tutakimbia mimi na wewe, na kabla hatujaanza nitakuonyesha kwa kidole mahali tutakaposimama. Miguu yako ikiwa bado ina vidonda, tutatembea. Mvua ikinyesha, Ankunda, utanikuta pale pale, nimelowa."