Jini wa Kichina

Habibah alikuwa mtu wa kupekua mambo. Hata sufuria ya jirani ikifunikwa, alitaka kujua kumepikwa nini. Basi alipomwona mumewe uani alfajiri, macho nusu yamefumba, mikono ikielea polepole kama anayesukuma maji, alichungulia dirishani mpaka chai ikakaukia jikoni.

Jafar alikuwa dereva wa lori, na mgongo ulikuwa umemharibikia tangu masika. Alisema aliteleza akishuka kwenye lori. Tangu hapo alisali akiwa amekaa kitini, na Habibah ndiye aliyemfunga kamba za viatu. Tajiri wake alikwisha sema kwamba mgongo usipopona, lori litapata dereva mwingine. Mafuta ya kuchua, kuumikwa, dawa za mizizi, vyote havikufua dafu.

Kisha akapeleka mzigo kwenye mashamba ya mpunga ya Wachina huko mashariki, akarudi nyumbani Bwaise na mchezo huu. Aliuita taichi. Alieleza kwamba fundi mmoja wa matrekta alimwona akishuka lorini kwa kujikongoja, akamshika mabega, akamfundisha kwa vitendo: legeza magoti, vuta pumzi mpaka chini ya kitovu, hamisha uzito mguu huu hadi ule, bila haraka. Habibah aliitikia, wala hakuamini neno. Kwao Wanubi, mtu mzima anayeyumbayumba macho nusu yamefumba ana mgeni mwilini, yaani jini, na mgeni huulizwa anataka nini.

Lililomtisha zaidi ni kwamba mgongo ulikuwa unapona kweli. Asubuhi moja Jafar aliinama, akafunga viatu vyake mwenyewe. Jini gani huyu anayetibu? Na ujira wake nini? Mbuzi? Sukari, ambayo siku hizo ilitafutwa kwa tochi? Au atamtaka Jafar mwenyewe?

Akamwita Hajati Maimunah, mjuzi wa majini, aje na ngoma yake. Alikuja mchana, maana siku hizo za utawala wa kijeshi, usiku askari wangeuliza ngoma ya nini. Jafar aliporudi kutoka msikitini alikuta ubani unafuka chumbani. Alikasirika, akasema hana jini, haya ni mazoezi tu. Hajati akamwambia basi ayafanye, yeye ayaone. Jafar akaanza kwa hasira, na ngoma ikaanza naye, taratibu, ikifuata pumzi yake. Hasira ikamtoka usoni.

"Wewe mgeni," Hajati akauliza, "nani aliharibu hii mgongo?"

Kila Mnubi anajua kwamba jini akisema, mwenye mwili halaumiwi. Jafar naye alijua. Mikono ikiendelea kuelea, akajibu kwa sauti nzito kuliko yake.

"Huyu hakuanguka kwa lori. Askari walimshusha pale kwa kizuizi ya barabara, wakampiga na kitako ya bunduki. Alikuwa na mwenzake, utingo. Mwenzake hakurudi."

Hajati hakusimamisha ngoma. Aliipiga kwa nguvu zaidi, majirani wasije wakasikia kitu kingine.

Habibah alishika ukuta. Miezi yote hiyo alimchua mgongo ule kwa mikono yake, akijidhani mke asiyefichwa jambo. Iliuma. Alitaka kumuuliza mumewe, lakini mumewe asingeweza kujibu, kwa hiyo akamuuliza mgeni.

"Kwa nini mwenyewe hakuniambia?"

"Aliogopa utauliza watu. Wenye kuuliza wanafuatwa."

Hajati akakohoa, akauliza swali ambalo kila jini huulizwa mwishoni: alitaka apewe nini ili mwenye mwili akae salama?

Jafar alihamisha uzito hadi mguu wa pili.

"Bibi yake asimame hapa na yeye. Asimwache peke yake asubuhi."

Habibah akavua ndara, akasimama kando ya mumewe, akalegeza magoti, akainua mikono. Machozi yalimtiririka, naye hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.