Waliobonyeza

Alipofika njia ya nne ya uwanja wa mbio, chokaa ilianza kutoka kwa mabonge. Mzee Chokaa akasimama, akakigonga kigari cha kuchorea mistari kwa kiganja mara mbili, kisha akaendelea kusukuma. Mstari ukanyooka tena, mweupe juu ya udongo mwekundu. Alikuwa ameutunza uwanja huo wa chuo kwa miaka kumi na tisa, hata jina lake halisi likawa limebaki ofisini tu.

Saa mbili asubuhi hiyo karani wa ofisi ya mipango angekuja kuhesabu. Barua ya chuo ilisema wazi: wasipopatikana wanafunzi hamsini wa kukimbia, uwanja ungegeuzwa maegesho ya magari.

"Usihangaike, baba," binti yake alimwambia juzi, macho yakiwa kwenye simu. Alikuwa mwaka wa pili hapo hapo chuoni. "Nimeweka tangazo kwenye kundi letu. Watu mia mbili na kumi wanakuja."

"Wamekwambia?"

"Wamebonyeza."

Mzee alitaka kuuliza tangu lini kubonyeza kukawa kusema, akaishia kuitazama simu. Simu ile aliinunua mwenyewe, ili mtoto asome. Miezi ya kwanza alisoma kweli. Kisha matokeo yakatoka, amefeli masomo matatu, na alipoulizwa akajibu kwamba wahadhiri wanakimbiza somo. Zamani binti mwenyewe ndiye aliyekuwa akikimbia. Akiwa na miaka kumi na mitatu aliuzunguka uwanja huu mara ishirini na tano, baba akimhesabia kwa vidole mpaka vidole vikamwishia.

Karani alifika na karatasi zake, akivuka mistari kwa uangalifu asiikanyage. Walikuja vijana tisa.

"Shikamoo mzee," walisema bila kuinua nyuso.

"Marahaba. Karibuni."

Walivaa viatu vya michezo ambavyo havijawahi kuona vumbi. Wakajipanga kwenye mstari wa kuanzia, wakainama kama wanaotaka kutimka. Binti akawapiga picha. Wakabadilishana, naye akapigwa.

"Mzee, sogea kidogo nyuma, samahani," mmoja alimwambia kwa adabu. "Unaonekana."

Akasogea, na kigari chake.

Walipomaliza walipanda jukwaani, wakakaa, shingo zikajikunja zote kwa pamoja. Karani akapuliza filimbi. Hakuna aliyenyanyuka.

"Dakika moja tu," mmoja alisema. "Picha bado inapanda."

Dakika ikawa kumi. Karani akatazama saa yake.

"Wasubiri kidogo," mzee alimwomba. "Wengine wako njiani."

"Mzee wangu, mimi nimetumwa kuandika wanaokimbia. Mpaka sasa ni sifuri."

Binti alisikia. Aliteremka jukwaani haraka, akamwachia rafiki yake simu, akaingia njia ya kwanza, akachomoka. Mita mia za mwanzo zilikuwa zake kabisa: magoti juu, mabega yametulia, visigino haviligusi vumbi kwa muda mrefu. Mzee akajikuta amebana pumzi.

Kwenye kona binti akashika ubavu. Hatua zikalegea, zikawa za kutembea. Kisha akainama, mikono magotini, akatapika pembeni mwa mstari.

Baba alimfikia, akamwekea mkono mgongoni.

"Kifua kinawaka, baba."

"Pumua taratibu."

"Nilikuwa naweza. Si nilikuwa naweza?"

"Ulikuwa unaweza. Nilikuwepo."

Karani akaja hadi pale walipo, akaandika moja, akaipeleka karatasi kwa mzee ili atie sahihi kama shahidi. Mzee akatia. Kidole chake kikaacha alama nyeupe juu ya muhuri wa chuo.

"Pole, mzee wangu," karani alisema. "Wapimaji watakuja Jumatatu."

Rafiki wa binti alikuja mbio, mbio za kweli, pekee alizokimbia siku hiyo. Alikuwa ameinua simu juu.

"Picha yetu imependwa na watu mia tatu!"

Binti alikuwa bado anahema, mate yakining'inia mdomoni. Lakini mkono ulinyooka wenyewe, ukaipokea simu, na kidole gumba kikaanza kuteleza juu ya kioo.

Mzee hakuuondoa mkono wake. Chini ya fulana iliyolowa jasho, moyo wa mwanawe uligonga kiganja chake kwa haraka, ukagonga tena, bila kupumzika.