Picha Isiyo na Kasoro

"Dada, hapa umeandika nini?"

Afisa wa malalamiko aliigeuza fomu na kuisogeza mezani mpaka ikagusa vidole vya dobi. Ukucha wake ulisimama chini ya maneno yaliyochapwa kwa wino mzito: *Eleza kasoro ya bidhaa au huduma.*

"Nimeeleza kasoro, mama. Kama fomu inavyotaka."

"Hebu soma, nami nisikie."

Dobi aliisoma polepole, kama walivyofundishwa kwenye masomo ya jioni, kila neno akilipa nafasi yake ya kukaa. "Kasoro ni kwamba picha haina kasoro."

Nyuma yake, kwenye benchi la ukutani, mwanamume aliyepakata birika la umeme lililoungua kitako aliguna kicheko. Afisa hakucheka. Alikuwa mama mtu mzima, mtandio begani, kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele. Alikwisha kusikia habari za friji zinazopasha moto na viatu vinavyoacha soli njiani, lakini hili lilikuwa geni.

"Sasa niambie kwa mdomo," alisema. "Maana sijui kalamu imekushinda wewe, au kusoma kumenishinda mimi."

Dobi alifungua mfuko wake wa kitambaa. Akatoa kwanza picha kubwa yenye fremu, kisha bahasha, na ndani ya bahasha kijipicha kidogo kama kiganja cha mtoto. Kijipicha hicho kilionyesha kola ya gauni, bega moja na sikio. Mahali pa uso palikuwa na wingu la rangi ya chai.

"Huyu mwenye wingu ni mama yangu," alisema. "Huyu wa kwenye fremu, sijui ni mama wa nani."

*

Mama yake naye alikuwa dobi. Kufa kwake kuliacha pasi ya mkaa, meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, wateja wachache wasiopenda kubadilisha mtu, na picha hiyo moja. Hakuwa mwanamke wa kupigwa picha. Alipigwa kwa sababu kitambulisho kilitaka, na hata hapo mpiga picha alimchekesha kwa jambo fulani, mdomo ukafunguka kidogo, mwanya wake ukachungulia. Chini ya jicho, juu ya shavu, palikuwa na kovu dogo kama punje ya mchele. Cheche ya mkaa ilimrukia siku moja akipepea pasi.

Mjukuu wake wa kike alizaliwa baada ya yeye kuondoka, akapewa jina lake. Mwaka huu mtoto alianza maswali. Bibi alikuwa mrefu? Bibi alikuwa mkali? Mbona mimi nina jina lake na simjui? Ndipo dobi alipoamua kuikuza picha ile, iwe kubwa, itundikwe ukutani. Alikwenda studio iliyo kona ya soko, akampa binti wa kompyuta kijipicha kwa mikono miwili.

"Naomba mnisafishie picha hii," alisema. "Iwe kubwa."

Alipoifuata, binti aliitoa chini ya kaunta huku akitabasamu. "Mama ametoka bomba," alisema. "Nimemhangaikia kweli."

Na kweli alikuwa amemhangaikia. Ngozi imeng'aa kama sahani, weusi wake umepunguzwa, mikunjo haipo. Kovu halipo. Mwanya umezibwa, meno yamesimama bega kwa bega. Nayo picha yenyewe ndogo, iliyokuwa na madoa ya ukungu, ilikuwa imefutwa kwa dawa ya maji, na uso ukaondoka na madoa yake.

 Shukrani zilikuwa zimekwisha kumtoka dobi kabla macho hayajafika kwenye picha, na akaona aibu kuzirudisha. Aliibeba mpaka nyumbani. Mtoto aliitazama sana, kichwa kikiwa upande.

"Mama, huyu ni yule anayesoma habari kwenye televisheni?"

Hapo ndipo roho ilipompasuka.

Alirudi studio. Mwenye studio, mzee nadhifu mwenye suruali ya mkunjo wa wembe, alimsikiliza akiwa amesimama. "Dada yangu, wenzako hulipa zaidi wafanyiwe hivyo. Sisi tumekuongezea bure. Mama amerudi ujana, wewe unanuna?"

Kaka yake naye alimcheka. Wote wawili walikuwa uani, yeye akifua, kaka akila muhogo wa kuchemsha. "Umejua kuandika juzi, leo unataka kushitaki watu. Maji yakimwagika hayazoleki, dada. Tundika hiyo uliyonayo. Mtoto atajuaje?"

"Hilo ndilo linaloniuma. Hatajua."

Kaka alimega muhogo akatafuna. "Lakini kovu lilikuwepo kweli?" aliuliza baadaye. "Mimi naona kama lilikuwa kulia."

Mama mdogo, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, macho yake yakiwa yamepungua nguvu, aliinua kichwa. "Kushoto. Dada yangu namjua."

"Kulia, mama mdogo."

"Kulia utalia wewe. Kushoto."

Walibishana mpaka muhogo ukapoa. Dobi aliendelea kufua, lakini mikono ilikuwa inasugua shati lililokwisha kutakata. Alikuwa anajiuliza. Kulia, au kushoto? Uso alioutazama kila siku ya utoto wake ulikuwa unamjia mzima, ukicheka, lakini akiutaka usimame ahakikishe, unageuka. Alijua basi kwamba hana muda mrefu. Picha imekufa. Mama mdogo anapofuka. Na yeye mwenyewe, tangu alete picha ile ya fremu nyumbani, mara mbili alimwota mama yake ana meno yaliyobanana.

Kwenda kulalamika hakukuwa kwepesi kwake. Dobi ndiye mtu wa kulalamikiwa: kifungo kimekatika, kola imepauka, soksi moja haionekani. Anajua namna ya kuinamisha kichwa na kusema nisamehe. Namna ya kusimama upande wa pili wa meza hakuijua, na alipofika mlangoni mwa ofisi ile alitamani mtu amzuie. Hakuna aliyemzuia.

*

Afisa aliwaita wote wiki iliyofuata. Chumba kilikuwa na meza moja, feni inayolalamika kuliko watu, na kalenda ya mwaka uliopita. Mwenye studio alikuja na binti wa kompyuta, ambaye alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri sindano.

"Mheshimiwa," mwenye studio alianza, "mteja alisema kwa kinywa chake, safisha. Risiti hii hapa: kusafisha na kukuza. Tumesafisha. Tumekuza. Ile ya awali imeharibika, hilo nakubali, lakini imeharibika katika kusafishwa, kama alivyoomba."

Afisa alimgeukia dobi. "Ulisema safisha?"

"Nilisema."

Mwenye studio alifungua viganja, yaani mmesikia wenyewe.

"Mama ndivyo alivyosema alipopigwa hii," dobi aliendelea, sauti yake ikishuka. "'Picha nimeipeleka kusafishwa, kesho naifuata.' Sikujua neno jingine. Nilitaka itoke. Itoke tu, kubwa, kama ilivyo."

Afisa alichomoa kalamu moja kwenye nywele akaitazama, kana kwamba ndiyo iliyosema. "Na mimi picha za harusi yangu nilizisafisha," alisema. "Nilikuwa na chunusi paji zima la uso, na hakuna aliyezitoa. Mzee, wewe kazi hii ulianzia chumba cha giza au kwenye kompyuta?"

"Chumba cha giza."

"Kusafisha picha kulikuwa nini, huko gizani?"

Mwenye studio alisugua ncha za vidole vyake. Feni ilizunguka. "Kuichapa," alisema hatimaye. "Unaingia na filamu, unatoka na picha. Huko ndiko kusafisha." Akamtazama binti wake wa kazi, na kwa mara ya kwanza hakuonekana nadhifu sana. "Sikumfundisha. Hakukuwa na sababu."

"Mimi filamu sijaishika maishani," binti alisema, akiongea na magoti yake. "Kwangu mimi safisha ni safisha. Natoa uchafu."

"Kovu ni uchafu?" dobi aliuliza. Hakuuliza kwa hasira, alitaka kujua.

"Watu wanataka litoke, dada. Kila siku. Nitolee hili, nizibie lile, nipunguzie hapa. Hakuna aliyewahi kuniambia bakisha."

Dobi alimtazama vizuri sasa. Alikuwa msichana mdogo tu, shingoni ana alama ya kuungua aliyoifunika kwa kola. Na yeye dobi alikuwa amelibeba neno la mama yake mpaka dukani, akalitua kwenye kaunta kwa heshima zote, na neno lilelile likaenda kumfuta mwenyewe. Angemshika nani shati? Lakini hakuinamisha kichwa.

"Neno lilikuwa na maana mbili," afisa alisema, "na mwenye kazi ndiye anayepaswa kuuliza kabla ya kutia mkono. Hamkuuliza. Lalamiko limekubaliwa. Sasa, mlalamikaji, sheria inakupa njia: urudishiwe malipo, upewe kitu badala, au kazi irudiwe."

"Namrudishia," mwenye studio alidakia. "Zote, na fremu abaki nayo."

Kaka, aliyekuja kumsindikiza, alimgusa dobi kiwiko. "Chukua twende," alinong'ona. "Hapa umeshinda."

Dobi alitazama picha mbili mezani, ile yenye wingu na ile yenye meno mazuri. Alifikiri ukuta wa chumba chake, na msumari alioupigilia mwenyewe.

"Kazi irudiwe," alisema.

"Haiwezekani, dada." Binti aliinua uso. "Ile niliyoiingiza kwenye kompyuta mwanzo nilihifadhi hii mpya juu yake, ikafutika. Haipo tena. Nitarudia kutoka wapi?"

"Kutoka kwangu. Nikae pembeni yako, nikwambie."

Afisa aliandika. Aliandika kwa muda, akikata na kurudia, maana fomu yake haikuwa na mahali pa jambo kama hilo.

*

Walianza asubuhi, kabla wateja wa picha za pasipoti hawajajaa. Mwenye studio alijipa kazi ya kufuta vumbi rafu za mbali. Binti alivuta kiti cha pili mbele ya kompyuta, na uso wa yule mama asiye na kasoro ukawajaa machoni, mkubwa kama mlango.

Rangi ndiyo iliyokuwa rahisi. "Iongeze," dobi alisema. "Bado. Bado. Tazama mkono wangu huu, halafu ongeza tena." Mikunjo ya kando ya macho waliirudisha mmoja mmoja, na binti alikuwa na mkono mwepesi. Mwanya ulichukua muda.

"Uwe mpana kiasi gani?"

"Akisema 'sasa hivi', ulimi ulikuwa unachungulia."

Binti alisema "sasa hivi" kimyakimya, akijisikiliza, kisha akafungua ufa mwembamba mweusi katikati ya meno. Dobi alijikuta anashika ukingo wa meza. Bado hakuwa mama yake. Lakini alikuwa mtu anayemfahamu mama yake.

"Sasa kovu," binti alisema. "Upande gani?"

Dobi alifumba macho. Kulia, kaka alisema. Kushoto, alisema mama mdogo. Kwa ndani, uso ulimjia ukicheka, ukageuka kama kawaida yake.

"Sijui," alisema. Neno lilimtoka dogo sana.

Mshale ulikuwa umesimama juu ya pua ya picha, haujui uelekee wapi. Binti hakumharakisha. "Alikuwa anafanya nini, wakati ulipokuwa unaliona?" aliuliza.

"Anapiga pasi. Kazi yake ilikuwa hiyo saa zote."

"Basi piga."

Dobi alimtazama kama ana mzaha, lakini hakuwa na mzaha. Basi akainuka. Alikwenda kwenye kaunta, akalaza kiganja juu ya mbao, akakunja ngumi ya mkono wa kulia kushika mpini usiokuwepo, akasukuma. Mgongo ulijua kazi. Mabega yalijua. Alifika mwisho wa kaunta akarudi, akageuza shingo kutazama chini alikokuwa akikaa yeye, mtoto, juu ya furushi la nguo. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na ndoo ya ufagio.

Alisimama. Kisha, bila kufikiri, akaihamishia pasi mkono wa kushoto, na mwili mzima ukageuka kidogo.

"Mama alikuwa mashoto," alisema. "Alikuwa akiniambia, kaa huku kusiko na moto. Kovu nililiona nikiwa huku chini."

Binti aliacha kompyuta. Alizunguka kaunta, akaisogeza ndoo kwa mguu, akachuchumaa upande wa kulia wa dobi, chini kabisa, magoti yakigusa kifua, akainua uso.

Mlangoni, mteja mmoja aliingia amebeba mtoto kwa kanga, akataka kuuliza kitu, akawaona: mwanamke mmoja anapiga pasi hewani kwa mkono asiouzoea, na mwingine amejikunja miguuni pake kama mtoto, anamtazama shavu. Mteja alisimama pale pale kizingitini.

"Usigeuke," binti alisema. "Endelea hivyo hivyo. Naanza kuona."