Uzi wa Pete ya Bibi

Maji yalikuwa yamepanda bei tena, na muuza maji hakuona haya wala hakushusha sauti alipoitaja. Mama Povu alinunua madumu mawili badala ya manne, akaloweka mashuka ya watu akijua kabisa kwamba kusuuza kwa leo kutakuwa kwa kubahatisha. Angefanyaje? Uwanja wenyewe wa kufulia ulikuwa umeshauzwa. Mnunuzi alishatuma vijana waje kuupima kwa kamba, wakayaruka mabeseni yake bila hata salamu, wakamwambia ikifika Jumamosi awe ameondoka. Nyuma ya soko kulikuwa na chumba chenye bomba lake, lakini mwenye chumba alitaka kodi ya mwaka mzima mkononi. Dobi wa mashuka ataitoa wapi?

Ndipo akaikumbuka pete.

Bibi yake alipofariki, shangazi mtu alibeba kitanda, kabati, mpaka mapazia. Yeye akaachiwa pete. Shangazi alimwambia achukue hicho kipande chake cha kioo, na watu waliokuja kuhani wakacheka chinichini, kwa staha. Bibi aliivaa maisha yake yote kwenye kidole cha mwisho, imezongwa uzi mweusi pande zote, jiwe limegeuzwa ndani ya kiganja. Akiulizwa kuhusu uzi, alisema pete inampwaya. Alikuwa amemfulia mama mmoja tajiri na kumuuguza mpaka mwisho, na siku za mwisho yule mama akaivua kidoleni mwake, akamvisha yeye. Nyumbani hakuna aliyeamini. Almasi ya nani, ya mfua nguo?

Asubuhi hiyo Mama Povu aliukata uzi kwa wembe, akaisugua pete kwa mswaki mkuukuu na sabuni ya unga. Aende nayo safi, wasimwone mshamba.

Dukani kwa sonara, mlinzi alimuuliza mara mbili anakwenda wapi. Sonara mwenyewe, mzee wa miwani na shati lililopigwa pasi vizuri, aliipokea pete kwa ncha za vidole kama mtu aliyepewa kitu chenye mafuta. Akaipulizia pumzi. Akachomeka jichoni kile kioo chake cha kukuzia vitu, akaigeuza, akaigeuza tena. Alipoongea, sauti ilikuwa nyingine, na Mama Povu alikuwa amekuwa "mama yangu".

Alimweleza kwamba hii ni almasi, tena ya zamani, ya enzi za kukata kwa mkono, ndiyo maana pande zake hazilingani. Kuna watu wanazitafuta hizi usiku na mchana. Akamwonyesha na dhahabu ilivyolika pembeni: hapa palifungwa uzi miaka mingi sana. Kisha akataja bei.

Mama Povu alimwomba arudie. Akarudia. Hiyo haikuwa kodi ya chumba tu. Ni uwanja mzima, na nyumba juu yake. Akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Alimwona Bibi chini ya lile bati lililovuja, sufuria zimetegwa kila kona, na utajiri wote huu umo kiganjani. Hasira zikampanda. Bibi, wewe ni mtu wa namna gani?

"Risiti unayo?" sonara aliuliza.

"Bibi yangu alipewa mkono kwa mkono. Si umeona mwenyewe alama ya uzi?"

"Nimeona. Alama si karatasi, mama yangu." Aliinama, akasogeza uso karibu. "Sikia. Ikiwa ni almasi, bila karatasi hii ni mali ya wizi na lazima niite askari. Ikiwa ni kioo, naichukua sasa hivi, hakuna swali. Nauli nakuongezea."

Alimtazama asiamini masikio yake. Mtu mzima, ana mvi, anaongea hivyo kwa upole kabisa, kama anayemfanyia hisani. Mama Povu alinyoosha mkono akaikwapua pete, akaisukuma kwenye kidole chake cha pete mpaka ikakwama juu ya fundo lililovimbishwa na maji ya kila siku.

Sonara akapiga simu, na askari akafika upesi. Kituo kilikuwa mtaa uleule. Akaamuru pete ivuliwe. Ikavutwa, ikakataa. Mlinzi akaleta koleo, na sonara akaruka kuizuia, maana ikikatwa thamani imekwisha. Askari akamuuliza mwanamke itatokaje. Mama Povu, aliyekwishawavua majirani wangapi pete kwa povu la sabuni, alisema hajui.

Wateja walikuwa wamesimama wanatazama. Akainua mkono wote wauone.

"Mwulize huyu mzee mbele ya watu hawa ni kitu gani. Akisema almasi, iandikwe almasi, nami niende kituoni. Akisema kioo, naenda zangu nyumbani."

Askari akamgeukia sonara. Sonara akafuta miwani. Akaitazama pete kwa uchungu wa kweli.

"Kioo," alisema.

Askari hakurudi mikono mitupu. Alidai hela ya maji kwa kusumbuliwa, na Mama Povu akampa nauli yake yote. Akarudi nyumbani kwa miguu.

Mashuka yalikuwa bado yanamngoja. Alipozamisha mikono kwenye povu, pete iliteleza yenyewe ikalala chini ya beseni. Akaiokota. Ndipo ikamjia: vidole vya Bibi vilikuwa vimevimba kuliko vyake. Kwenye kidole cha pete ingemkaa barabara, bila uzi wowote. Uzi ulikuwa wa kuificha: Bibi aliijua thamani ya pete yake tangu siku ya kwanza, na aliwajua na wenye maduka. Mama Povu alikaa chini kwenye maji yaliyomwagika, mkono mdomoni.

Alikuwa anamalizia kuzungusha uzi mpya shangazi, aliyesikia kwamba alikwenda dukani, alipoingia akiuliza sonara kasemaje.

"Kioo, shangazi."

Shangazi akacheka mpaka akajishika kiuno, si alisema? Mama Povu aliichomeka pete kwenye kidole cha mwisho, akageuza jiwe ndani, akaendelea kukamua shuka, kiganjani amefumba bei ya uwanja mzima ambao Jumamosi wangemfukuza humo.